Uchi wa Hiari: Historia ya Utamaduni wa Mwili Huru Nchini Ujerumani na Tatizo la Kuutaja kwa Kiswahili

Utangulizi

Mwanafunzi wa Kiswahili atakayepewa kazi ya kutafsiri kijitabu cha watalii kutoka Kijerumani atakutana, mapema au baadaye, na herufi tatu: FKK. Herufi hizi zimeandikwa kwenye vibao vya fuo za Bahari ya Baltiki na Bahari ya Kaskazini, kwenye ramani za kambi za mahema na katika matangazo ya mabwawa ya kuogelea. Zinasimamia neno Freikörperkultur, yaani utamaduni wa mwili huru. Kwa lugha isiyo na mapambo, maana yake ni kwamba mahali hapo watu huvua nguo zote, wanaume kwa wanawake, wazee kwa watoto, wakaogelea na kuota jua bila mtu kumshangaa mwenzake.

Mfasiri wetu atafanya nini? Akiandika "ufuo wa watu walio uchi," msomaji wa Mombasa au Tanga atadhani ni mahali pa uasherati au pa wendawazimu. Akiandika "ufuo wa mwili huru," msomaji huyo hataelewa lolote, na huenda akafika hapo na kanzu yake. Makala haya yanadhamiria kusimulia historia ya desturi hii katika nchi iliyoipa jina, na kutokana na historia hiyo kupima istilahi ambazo Kiswahili kinaweza kuzitumia. Hatukusudii kuitetea desturi yenyewe wala kuilaani. Mfasiri hufasiri hata yale asiyoyatenda.

Uchi, utupu na stara

Tuanze nyumbani. Katika Kiswahili neno uchi lina uzito unaozidi habari ya ngozi isiyo na kitambaa. Husemwa mtu yu "uchi wa mnyama," na msemo huo peke yake umekwisha kutoa hukumu: nguo ndiyo mpaka kati ya binadamu na hayawani. Methali husema avuliwaye nguo huchutama. Hapa hakuna habari ya pwani wala kuogelea. Kinachozungumziwa ni aibu na namna mtu aliyeaibishwa anavyopaswa kujinyenyekeza. Kumvua mtu nguo hadharani ni kumfedhehesha, hata kama hakuna aliyegusa kitambaa chake. Kinyume chake, kusitiri ni kufunika mwili na pia ni kufunika siri, umaskini au kosa la mwenzako. Ndiyo maana nguo ya kuazima haisitiri matako: anayesemwa katika methali hii ni mtu anayejikweza kwa mali isiyo yake.

Wapo wanaoona kwamba neno utupu ni la adabu zaidi kuliko uchi, na kwa hakika hutumiwa kama tasfida. Lakini tasfida hii nayo ina kasoro yake. Kitu kitupu ni kitu kisicho na kitu ndani. Asiyevaa nguo anaelezwa kana kwamba ametolewa kilichomjaza, na mwili wake wenyewe hauhesabiwi.

Hisia hizi zina chimbuko la kihistoria, mbali na lile la kidini ambalo hutajwa daima. Katika jamii ya Waswahili ya karne ya 19, mavazi yalimbagua mwungwana na mtumwa. Mtoro bin Mwinyi Bakari, katika Desturi za Wasuaheli iliyochapishwa na Carl Velten mwaka 1903, anaeleza mavazi ya waungwana, ya wanawake na ya watumwa kwa makini ya mtu anayejua kwamba nguo ni lugha. Naye Laura Fair, katika utafiti wake kuhusu Unguja uliochapishwa mwaka 2001, ameonyesha jinsi wanawake waliokuwa watumwa walivyoacha kaniki na merikani baada ya utumwa kupigwa marufuku mwaka 1897, wakajitanda kanga. Kwao, kupata uhuru kulikuwa kupata nguo. Basi mfasiri anayeandika "mwili huru" na kumaanisha mwili usiovaa kitu anakwenda kinyume cha kumbukumbu nzima ya pwani, ambamo mwili huru ni mwili uliositiriwa.

Tuongeze jambo moja la hapa Kenya. Mwezi Machi mwaka 1992, akina mama waliokuwa wakidai kuachiliwa kwa wana wao, wafungwa wa kisiasa, walishambuliwa na polisi katika bustani ya Uhuru jijini Nairobi. Baadhi yao walivua nguo mbele ya askari. Huo haukuwa uchi wa aibu yao wala wa starehe. Ulikuwa laana, na laana hiyo ilieleweka na kila aliyeiona. Kwa hiyo hata kabla ya kufika Ujerumani tayari tuna uchi wa aina kadhaa, na Kiswahili kinautaja wote kwa neno moja.

Mji wa moshi na kiu ya jua

Desturi ya FKK haikuanzia pwani, ingawa leo inajulikana zaidi kwa fuo zake. Ilianzia mijini, na sababu yake ya kwanza ilikuwa afya. Ujerumani ya miaka ya 1880 na 1890 ilikuwa ikijaa viwanda kwa kasi kubwa. Berlin ilijengwa nyumba za kupanga zenye ua ndani ya ua, ambamo familia nzima iliishi katika chumba kimoja au viwili na mwanga wa jua haukufika vyumba vya nyuma. Kifua kikuu kiliua vijana. Watoto walipinda miguu kwa ugonjwa wa matege. Mwaka 1903 Niels Finsen wa Denmark alipewa Tuzo ya Nobel kwa kutibu kwa mwanga, na mnamo 1919 daktari Kurt Huldschinsky alionyesha hapo hapo Berlin kwamba watoto wenye matege hupona wakimulikwa kwa taa ya miale ya urujuanimno. Yaani wale waliosema kwamba ngozi inahitaji jua hawakuwa wakibuni, ingawa walitangulia kusema kabla sayansi haijawathibitisha.

Walioliona tatizo hilo mapema walijikusanya katika vuguvugu lililojulikana kama mageuzi ya maisha. Lilikuwa kapu la mambo mengi: kula mboga bila nyama, kuacha pombe na tumbaku, kutupa kaba za wanawake zilizobana mbavu, kujitibu kwa maji na kuoga hewa. Mswisi Arnold Rikli, aliyefariki mwaka 1906, alikuwa amekwisha kuwazoesha wagonjwa wake kutembea juani wakiwa wamevaa nguo chache mno. Msanii Karl Wilhelm Diefenbach alikwenda mbali zaidi. Aliishi na watoto na wanafunzi wake katika machimbo ya mawe yaliyoachwa kusini mwa München, na mwaka 1888 alishtakiwa kwa sababu ya uchi wao. Mwanafunzi wake Hugo Höppener alitumikia kifungo kifupi kwa niaba ya mwalimu, akapewa jina Fidus, yaani mwaminifu, na kwa jina hilo akawa mchoraji mashuhuri wa vuguvugu lote.

Chama cha kwanza cha watu wa namna hii hutajwa kuwa kilianzishwa Essen, mji wa makaa ya mawe na chuma, mwaka 1898. Mahali penyewe panajieleza. Mwaka 1903 Paul Zimmermann alifungua bustani yake huko Klingberg, karibu na Lübeck, ambapo wageni waliishi bila nguo, wakafanya mazoezi ya viungo na kula mboga. Anayedhani kwamba mahali hapo palikuwa pa anasa na akumbuke kwamba mgeni wa Klingberg aliweza kuvua suruali, lakini hakuweza kuagiza nyama choma wala bia.

Mwandishi aliyeitwa Aibu

Kwa mwanafunzi wa lugha, mtu wa kuvutia kuliko wote katika kizazi cha kwanza ni Heinrich Pudor. Katika Kilatini pudor ni haya, soni. Mwaka 1893 Pudor alitoa kijitabu cha kuusifu uchi kama furaha ya wakati ujao, naye alitumia jina la kalamu Heinrich Scham. Scham ni neno la Kijerumani la aibu. Alilitafsiri jina lake kutoka lugha moja hadi nyingine, kisha akalibandika juu ya kitabu kinachosema kwamba aibu hiyo haina msingi. Ni kinaya ambacho mtunzi wa riwaya angeogopa kukitumia.

Neno ambalo yeye na wenzake walilitumia lilikuwa Nacktkultur, utamaduni wa uchi. Freikörperkultur lilikuja baadaye na kulifunika, na sababu yake ni ile ile inayotufanya sisi tuseme utupu: neno nackt liliwashtua polisi na wachungaji. Hapa ndipo tunapoona kwamba FKK ni tasfida tangu kuzaliwa kwake. Kwanza uchi ukaitwa uhuru wa mwili, kisha jina hilo likafupishwa kuwa herufi tatu zisizomwambia mgeni chochote. Kwa maneno mengine, Wajerumani nao waliona haya kulitaja jambo hili, na mfasiri Mswahili asijilaumu sana anapositasita.

Historia hii ina upande wa giza ambao vijitabu vya watalii havitaji. Pudor alikuwa adui mkali wa Wayahudi. Richard Ungewitter, aliyeandika vitabu vilivyosomwa sana kuhusu uchi katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20, alidai kwamba Wajerumani wakionana bila nguo watajua kuchagua wachumba wenye afya na wa "damu" moja, na kwa njia hiyo mbari yao itatakasika. Hans Surén, ofisa wa jeshi aliyewahi kusimamia mafunzo ya viungo ya askari, alichapisha mwaka 1924 kitabu kuhusu mwanadamu na jua kilichotolewa mara nyingi mno, na toleo lake la mwaka 1936 lilijaa itikadi ya Wanazi waziwazi. Mwili uliotangazwa kuwa huru ulikuwa, kwa watu hawa, mwili wa mbari moja.

Waliokataa kuvua

Ni muhimu kuutazama uzushi huo wa mbari pamoja na tukio jingine la miaka hiyo hiyo, maana hapo ndipo historia hii inapotugusa. Mwaka 1896 yalifanyika maonyesho makubwa ya biashara huko Treptow, Berlin, na ndani yake maonyesho ya makoloni. Zaidi ya Waafrika na watu wengine 100 waliletwa kutoka makoloni ya Ujerumani, wakiwamo watu wa Afrika Mashariki, wakae katika vijiji vya kuigiza ili watazamwe. Watazamaji walitarajia kuona "washenzi" waliovaa kidogo au wasiovaa kabisa.

Wengi wa walioletwa hawakukubali. Wajumbe wa Waherero na Wanama walitaka wapigwe picha katika suti zao. Felix von Luschan, mtaalamu wa jamii aliyekuja kuwapima na kuwapiga picha, alikerwa na watu waliokataa kuonekana katika mavazi mengine yasiyo ya Kizungu. Bismarck Bell, kijana wa Kameruni, alijipatia darubini ndogo ya tamthilia, akawatazama watazamaji.

Tafakari hali hiyo. Katika mwongo ule ule, Mjerumani msomi alikuwa akidai haki ya kuvua nguo kwa jina la uhuru na Mwafrika katika mji huo huo alikuwa akidai haki ya kuvaa, naye pia kwa jina la heshima yake. Wote wawili walikuwa wakikataa kuchaguliwa vazi na mtu mwingine. Tofauti ni kwamba mmoja alihatarisha siku chache za kifungo, na mwingine alikuwa mtawaliwa.

Hata Mtoro bin Mwinyi Bakari tuliyemtaja aliishi humo. Alifundisha Kiswahili Berlin kuanzia mwaka 1900, akaoa Mjerumani, akazuiwa mwaka 1905 kushuka Dar es Salaam na mkewe, akarejea Ujerumani na kuishi huko hadi alipofariki Berlin mwaka 1927. Mtu aliyetuandikia desturi za nguo za Waswahili alikuwa, katika miaka yake ya mwisho, mkaazi wa mji uliokuwa makao makuu ya utamaduni wa kuvua nguo.

Mwalimu Koch na kiraka cha Prussia

Si haki kuacha picha ya kwamba FKK ilikuwa mali ya wabaguzi. Katika miaka ya 1920 upande wake wenye nguvu zaidi mijini ulikuwa wa wafanyakazi na wajamaa, na kiongozi wake alikuwa Adolf Koch, mwalimu wa shule ya msingi Berlin. (Asichanganywe na Robert Koch aliyegundua kijidudu cha kifua kikuu mwaka 1882, ingawa waliupiga vita ugonjwa mmoja.) Koch aliwafundisha watoto wa mitaa ya kimaskini mazoezi ya viungo bila nguo, jambo lililozua kashfa kubwa katika magazeti na kumtoa katika utumishi wa shule. Akafungua shule zake mwenyewe. Humo palikuwa na daktari wa kupima afya, taa za mwanga na mazoezi ya pamoja ya wanaume na wanawake. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: mfanyakazi ameuza mikono yake kiwandani, ana haki ya kurudishiwa mwili wake jioni. Mwaka 1929 Berlin ilikuwa mwenyeji wa kongamano la kimataifa la vuguvugu hili, na Koch ndiye aliyekuwa nyuma yake. Wakati huo vyama vilikwisha kupata viwanja kandokando ya maziwa ya kusini mwa mji, kama vile Motzener See, na kisiwa cha Sylt katika Bahari ya Kaskazini kilikuwa na waogaji wake wasiovaa.

Serikali haikutulia. Mwaka 1932 Franz Bracht, aliyesimamia mambo ya ndani ya Prussia, alitoa amri ya kupiga marufuku kuoga uchi hadharani, kisha akaeleza kwa vipimo jinsi vazi la kuogea linavyopaswa kushonwa, pamoja na kile kipande cha kitambaa kinachotiwa kati ya mapaja. Kijerumani hukiita Zwickel. Nchi ilikuwa na mamilioni ya watu wasio na kazi na waziri alikuwa akishona viraka. Magazeti na wachekeshaji hawakumwachia. Amri hiyo inajulikana hadi leo kama amri ya kiraka.

Kicheko hakikudumu. Tarehe 3 Machi 1933 Hermann Göring alitoa waraka wa kupambana na vuguvugu la uchi. Shule za Koch zilifungwa na vyama vya wafanyakazi vikavunjwa. Lakini Wanazi hawakuung'oa uchi wenyewe. Waliung'oa ujamaa wake. Vyama vilivyokubali kufuata itikadi yao viliachwa viendelee chini ya uangalizi, na tarehe 10 Julai 1942 amri ya polisi iliruhusu kuoga uchi pale ambapo watu wasiohusika hawataona. Utawala uliowaua watu kwa mamilioni uliona vyema kutunga kanuni ya kuoga.

Ujerumani mbili, fuo mbili

Baada ya vita nchi iligawanyika, na uchi nao ukachukua njia mbili. Magharibi ilirudi kwenye vyama. Shirikisho la Kijerumani la utamaduni wa mwili huru liliundwa mwaka 1949, likajiunga na familia ya mashirika ya michezo, na mnamo 1953 lile la kimataifa likaundwa Montalivet, Ufaransa. Kulikuwa na kadi za uanachama, ua wa miti kuzunguka kiwanja na ratiba ya mpira wa wavu. Magazeti ya vyama yalipata misukosuko ya sheria ya mwaka 1953 ya kuwalinda vijana na maandishi mabaya. Sylt ilipata umaarufu wa aina nyingine, kwa kuwa matajiri na watu wa filamu walikwenda huko kuonekana. Sehemu moja ya ufuo wake usiovaliwa nguo inaitwa Abessinien, yaani Uhabeshi. Msomaji aliyefika hapa hatashangaa kuona jina la nchi ya Kiafrika limetumiwa kupataja mahali pa watu wasiovaa. Atakumbuka tu kwamba Wahabeshi wenyewe ni miongoni mwa watu wanaojisitiri mno kwa shuka nyeupe.

Mashariki hadithi ilikuwa tofauti, nayo ndiyo yenye mengi ya kufundisha. Jamhuri ya Kidemokrasia haikuruhusu vyama huru vya namna yoyote, hivyo wapenzi wa desturi hii hawakuwa na ua wala kadi. Walikwenda pwani ya Baltiki, hasa Ahrenshoop na Prerow, wakavua. Wengi walikuwa wasomi, wasanii na watu wa tamthilia. Mwanahistoria Josie McLellan, aliyelichunguza jambo hili katika nyaraka za serikali na kuchapisha matokeo mwaka 2007, ameeleza pia kuhusu sherehe zilizoitwa "Kameruni," ambapo waogaji walijivisha sketi za majani na mapambo ya mifupa. Miaka zaidi ya 50 baada ya Bismarck Bell kuwageuzia darubini, bado jina la nchi yake lilitumika kama vazi la mchezo.

Mwaka 1954 serikali ilipiga marufuku kuoga uchi katika pwani hiyo. Yaliyofuata yanastahili kusomwa na kila anayedhani kwamba katika nchi ya chama kimoja raia hunyamaza tu. Watu waliandika barua. Waliwaandikia mawaziri, ofisi za wilaya na viongozi wa chama, wakatumia lugha ya dola yenyewe dhidi ya dola: kwamba ujamaa unapinga unafiki wa mabepari, kwamba akina August Bebel waliupigania usawa wa wanawake, kwamba mfanyakazi anahitaji mapumziko. Wengine hawakuandika ila walibaki uchi na kumwacha polisi wa zamu na kazi ya kuwakamata watu wasio na mfuko wa kutia kitambulisho. Tarehe 18 Mei 1956 ilitolewa kanuni mpya: kuoga uchi kuliruhusiwa mahali palipotengwa na kuwekewa alama. Vibao vya FKK tulivyoanza navyo vilipata nguvu ya sheria kwa njia hiyo.

Masimulizi ya mdomo ya wakati huo yana kisa cha Johannes R. Becher, mshairi aliyekuwa waziri wa utamaduni, ambaye inasemekana alimfokea ufuoni bibi mmoja asiyevaa kitu kwa kumwita nguruwe mzee, kumbe ni mwandishi Anna Seghers. Baadaye, akimkabidhi tuzo jukwaani na kumwita mpenzi Anna, alijibiwa kwamba kwake yeye ataendelea kuwa nguruwe yule yule. Kisa hiki tukichukue kama tunavyochukua visa vya Abunuwasi: hakitafuti shahidi, kinatafuta kusema jambo kuhusu mkubwa na mdogo.

Kufikia miaka ya 1970 na 1980, serikali ilikwisha kufanya amani na jambo hilo, na familia za kawaida za wafanyakazi zilijaza fuo hizo. Wapo wanaosema kwamba watu walivua nguo kwa kuwa hawakuwa na uhuru mwingine. Maelezo hayo yanapendeza kwa wepesi wake, lakini yanasahau zile barua. Uhuru huo haukutolewa kama peremende ya kuwanyamazisha. Uliombwa, ukakatazwa, ukadaiwa.

Vita vya chupi

Ukuta ulipoanguka tarehe 9 Novemba 1989 na nchi kuungana tarehe 3 Oktoba 1990, watalii wa Magharibi walimiminika Baltiki. Wakakuta fuo zimejaa watu wasiovaa, bila ua, karibu na hoteli ambazo sasa zilitafuta wateja wapya. Ugomvi uliofuata magazeti yaliuita vita vya chupi. Manispaa zilisogeza mipaka, sehemu za FKK zikapunguzwa, na watu wa Mashariki, ambao katika miaka ile walikuwa wakipoteza viwanda na ajira, waliona kwamba hata ufuo wao unapangwa na mgeni. Walioshangaza watu ni Wamagharibi kuwa ndio waliotaka kuvaa. Baada ya Poland kuingia katika eneo la Schengen mwezi Desemba 2007, watembeaji wa Kipolandi waliovuka mpaka kwa miguu katika kisiwa cha Usedom nao walilalamikia walichokiona.

Sheria ya Ujerumani haina kifungu kinachokataza uchi kwa jina lake. Kinachoadhibiwa ni kujianika kwa nia ya kijinsia, na usumbufu wa wazi kwa umma, na mengine huamuliwa na miji. München ilitenga sehemu 6 mwaka 2014. Göttingen mwaka 2022, kisha Berlin mwaka 2023, ziliwaruhusu wanawake kuogelea vifua wazi katika mabwawa ya umma kama wanaume. Kwa upande mwingine, shirikisho la mwaka 1949 limepoteza karibu nusu ya wanachama wake katika robo karne, na sherehe yake ya miaka 75 iliyopangwa mwaka 2024 ilifutwa kwa uchache wa waliojiandikisha. Sababu moja inayotajwa mara kwa mara ni kamera ya simu ya mkononi. Mtu aliyekuwa uchi mbele ya majirani 50 hakuona tabu. Hataki kuwa uchi mbele ya dunia nzima.

Tuandike nini kwenye kibao?

Turudi kwa mfasiri wetu, ambaye bado anasubiri. Neno "uasilia" limependekezwa na baadhi ya wenzetu katika mijadala, kwa hoja kwamba Wafaransa na wengine hutumia neno lenye mzizi wa maumbile. Tatizo ni kwamba uasilia tayari lina kazi katika uhakiki wa fasihi, na mwanafunzi atakayesoma kwamba mwandishi fulani ni "mwanauasilia" hatajua kama amevaa. "Utamaduni wa mwili huru" lafaa kwa vuguvugu lenyewe katika maandishi ya historia, kwa kuwa ni tafsiri ya jina ambalo watu walijipa, na jina la mtu huheshimiwa hata kama hatukubaliani nalo. Lisitumiwe kumweleza msafiri ufuo ulivyo, kwa sababu tuliyoieleza: kwa Mswahili mwili huru umevaa.

Kwa ufuo tunapendekeza "uchi wa hiari." Neno uchi libaki, maana hakuna anayenufaika kwa kufichwa ukweli akiwa na watoto njiani. Hiari ndiyo inayoutenga uchi huu na ule wa aliyevuliwa, wa mtumwa, wa mwendawazimu na wa mama anayelaani. Ndiyo pia iliyokuwa kiini cha ugomvi wote tuliousimulia, tangu Treptow hadi Usedom.

Linabaki neno moja gumu kidogo. Kwenye fuo za Baltiki aliyevaa ndiye anayepewa jina: huitwa mtu wa "textil," na ufuo wake Textilstrand. Kwetu mvaaji hana jina kwa sababu ndiye kila mtu. Mwezi Agosti 2024 mji wa Rostock ulitoa kanuni zinazoruhusu aliyevaa aondolewe katika sehemu za FKK huko Warnemünde, na mfasiri wa kanuni hizo hawezi kulikwepa neno hilo. "Mvaaji" linatosha, mradi atumie kinyume chake, "asiyevaa," katika sentensi ile ile, hivi: Ufuo huu ni wa uchi wa hiari, mvaaji anaombwa ahamie upande wa pili wa kibao, na asiyevaa asivuke kibao kuja upande huo.